Arabuko-Sokoke kwa miguu: uanzie Gede, uanzie Jilore, ama uukate msitu wote?

Kila ikikaribia mwezi wa saba simu yangu haitulii. Mtu ashasikia kwa mwenzake kwamba nimeutembea ule msitu, basi swali huwa ni lile lile, kaka tuanzie wapi na ni kilomita ngapi. Jibu langu huwakera wengi manake kilomita ndo kitu cha mwisho kukiangalia. Kule ndani unahesabu mambo mawili tu, unakanyaga mchanga gani na umebeba maji kiasi gani. Nishawaona vijana wanaokimbia kilomita kumi kila alfajiri barabara ya Casuarina, tena wanajisifu, saa tano ya mchana wamekaa chini ya mti msituni hawataki hata kusemeshwa.

Kwa asiyeujua, Arabuko-Sokoke, hapa kwetu Malindi pwani ya Kenya, ndio msitu mkavu wa pwani mkubwa kuliko yote iliyobaki Afrika Mashariki, kilomita za mraba 420 hivi. Ukipanda matatu Malindi kwenda Mombasa, ukishapita Gede unauona mkono wako wa kulia, ukuta wa kijani na waya wa umeme wa kuwazuia ndovu wasitoke kula mahindi ya watu. Wengi wetu tumeupita hivyo mara mia na hatujawahi kumwambia kondakta "shukisha". Mimi mzaliwa wa Malindi, shule nimesoma hapa hapa, na mara ya kwanza kuingia nilikuwa na miaka ishirini na saba, tena nilipelekwa na mgeni. Aibu, lakini ndo hivyo.

Sasa kitu ambacho hakuna aliyeniambia mapema: msitu ni mmoja kwa jina, ila ndani mna misitu mitatu na kila mmoja una ardhi yake. Upande wa bahari, yaani Gede na hori la Mida, ni msitu wa mchanganyiko, miti ya kila namna, mbambakofi na wenzake, majani makavu chini na kivuli cha kutosha. Ukiingia ndani zaidi unakutana na mirihi, miti mizuri iliyosimama mbali mbali kidogo, na chini yake mchanga mweupe kama wa ufukweni. Halafu magharibi kabisa, mwinuko ukianza, ardhi inakuwa nyekundu kama tofali na msitu unakuwa mfupi, mnene, umeshikana, ule wa mti ambao wataalamu wanauita Cynometra. Hiyo sehemu nyekundu ndiyo kubwa kushinda zote. Ukishaielewa hii ramani ya rangi, nusu ya kuchagua umemaliza.

Kuanzia Gede

Hii ndo njia ya watu wengi na sina ubaya nayo. Kufika ni rahisi mno, matatu za Malindi–Kilifi na za Watamu zinapita siku nzima, chini ya nusu saa umeshuka, ofisi ya msitu iko barabarani kabisa, mbele kidogo ya njia panda ya Gede ukitoka Malindi. Hapo kuna waongozaji wenye chama chao, watu wa hapo hapo waliokulia pembeni ya msitu, na wanajua ndege kwa sauti vile wewe unavyojua milio ya simu yako. Malipo ya kuingia unafanya kwa simu, ya mwongozaji mnapatana kulingana na masaa.

Uzuri wa Gede ni kivuli. Saa moja na nusu, saa mbili asubuhi, hewa ya chini ya miti bado ina ubaridi na njia ni ngumu kiasi, mguu hauzami. Na huku ndo kuna nafasi nzuri ya kumuona sange, yule mnyama mwenye pua ndefu kama kamkonga na matako ya rangi ya dhahabu. Hapatikani kwingine duniani isipokuwa huu msitu na vipande vichache vya pwani hii yetu. Ukubwa wake kama sungura mdogo. Usimtafute kwa macho, msikilize, anapekua majani makavu chini kutafuta wadudu, chaka chaka chaka, anasimama, chaka chaka tena. Mwongozaji wetu alituonyesha rundo la majani ambalo mimi ningelipita nikidhani ni majani tu yaliyokusanywa na upepo, kumbe ndo nyumba yake, na anajenga kadhaa, leo analala hii kesho ile, adui asimzoee. Tulisimama kama dakika kumi kimya. Akapita mmoja mbele yetu kama aliyerushwa, tukaona ile dhahabu ya nyuma tu, basi, kwisha.

Ubaya wa Gede unaanza pale unapojiamini. Unatembea masaa mawili kwenye kivuli, unajiona bingwa, unasema haya twendeni mpaka Nyari. Nyari ni ile sehemu ya juu upande wa magharibi, mita 200 na kitu kutoka usawa wa bahari, ukisimama pale unaona msitu wote umelala chini yako kama zulia, kisha Mida, kisha Watamu, kisha bahari. Ni pazuri, sikatai. Lakini kati yako na Nyari kuna mirihi, na chini ya mirihi kuna ule mchanga mweupe.

Nikwambie yaliyotukuta. Ilikuwa mwezi wa pili, watu watano, mimi, shemeji yangu na vijana watatu wa mtaani. Tulichelewa kuondoka kwa sababu ya mtu mmoja aliyekuwa anangoja mahamri yatoke, tukaingia msituni saa tatu. Kila mtu chupa moja ya lita moja na nusu. Kwenye kivuli tukaenda vizuri, tukaingia mirihini saa tano na jua la kaskazi. Mirihi ina majani lakini imeachana, jua linapita, na ule mchanga unarudisha joto juu kama bati. Kila hatua mguu unazama, kisigino kinarudi nyuma, ni kama unapanda ngazi ambayo inashuka. Barabarani mtu wa kawaida anatembea kilomita tano kwa saa. Pale nilipiga hesabu tulikuwa hatufiki tatu. Saa sita maji yakawa yamekwisha kwa wawili, shemeji raba yake mpya aliyonunua kwa mtu wa sokoni ikafunguka soli yote mbele, ikawa inapiga mdomo kama samaki, tukaifunga kwa kamba ya hema. Nyari hatukufika. Mwongozaji alituangalia, akasema kwa adabu, "Wazee, twendeni nyumbani." Na sisi wote chini ya miaka thelathini na tano!

Kwa hiyo Gede ni nzuri kama unataka asubuhi moja, kutoka saa kumi na mbili na nusu mpaka saa tano, ndani ya kile kivuli. Ukitaka Nyari ukitokea Gede basi ama upelekwe na gari mpaka juu na urudi kwa miguu, ama uamke usiku. Na faida moja ya ziada, ukitoka msituni mapema, magofu ya Gede yako karibu, ule mji wa zamani wa Waswahili ulioachwa miaka ya 1600 na ambao UNESCO iliuingiza kwenye urithi wa dunia 2024, na hapo hapo pembeni kuna Kipepeo, mradi ulioanza 1993 ambapo wakulima wa kando ya msitu wanafuga viwavi wa vipepeo na kuuza pupa wake nje. Ukiwa na watoto siku yako imejaa.

Kuanzia Jilore

Jilore iko kaskazini ya msitu. Unatoka Malindi kwa barabara ya Tsavo, ile ya Sala Gate, unapita Ganda, unaendelea. Gari za huko si nyingi kama za Gede na jioni zinapungua, kwa hiyo wengi tunakodi probox ama tunaenda na bodaboda. Ukifika, usitegemee kununua kitu. Gede ukisahau chumvi utapata, Jilore ukisahau umesahau.

Mbona basi niende? Kwanza ardhi. Ile nyekundu ikiwa kavu ni ngumu, mguu unagonga na kurudi, unatembea kama barabarani. Kilomita tano za nyekundu kavu ni nyepesi kuliko mbili za mchanga mweupe, nakwambia na magoti yangu ni shahidi. Pili, huku ndo kwa yule bundi mdogo wa Sokoke. Watu wanatoka Ulaya na makamera ya bei ya nyumba kuja kumtafuta na sisi hata hatujui yupo. Anaishi humu, msitu wa Dakatcha hapo jirani, na kwenye milima ya Usambara Tanzania, basi. Na humu ndani anapenda kile kichaka cha ardhi nyekundu, kwa hiyo ukizunguka pale ofisini Gede peke yake usitarajie.

Siku tuliyomuona, mwongozaji alituacha njiani akaingia kichakani peke yake, tukangoja robo saa tunapigana na nzi. Akarudi, akatuita kwa kidole. Tukaingia tumeinama, miiba inashika mashati, tukafika akanyoosha mkono hatua tatu mbele ya uso wangu na mimi sioni kitu. Naona kipande cha gome. Kisha gome likafungua jicho moja, la njano. Walikuwa wawili, wamebanana bega kwa bega kwenye tawi, kila mmoja hata kiganja hajai vizuri, mmoja rangi ya kutu na mwingine kijivu. Shemeji alikataa kuangalia, akageuza uso kabisa, kwao bundi ni mkosi na yeye ana duka hataki mambo mengi. Mwongozaji akacheka akamwambia huyu bundi ndo anayemlipia karo ya watoto, mkosi uko wapi hapo.

Ubaya wa Jilore ni miwili. Joto lake ni la kubanwa. Kichaka kimeshikana pande zote, kimo chake hakitoshi kukupa kivuli cha maana njiani, na upepo wa bahari haufiki. Unatoka jasho umesimama. Ubaya wa pili ni mvua. Ile ardhi niliyoisifu ikinyeshewa inageuka kitu kingine, inashika kiatu, inajipachika safu juu ya safu mpaka unatembea na kilo mbili kila mguu. Tulijaribu mara moja mwezi wa tano, eti mvua imepumzika siku mbili, bodaboda ikalala ubavuni hata kabla hatujafika kituoni, tukaisukuma, tukarudi Malindi wekundu kama tumetoka kuchimba kisima. Mama yangu hakuturuhusu kuingia ndani mpaka tuoge uani.

Kuukata wote

Hii ndo naulizwa sana na wale wanaotaka safari ya kujipima. Kuingia upande mmoja na kutoka wa pili kwa siku moja. Inawezekana, nimeifanya mara moja ikakamilika, mwezi wa tisa, na ukiniuliza ndo siku bora niliyowahi kupata humo. Ila mpangilio wake ni wa kukaa chini mkapanga na mwongozaji wiki kabla, manake njia za ndani ni za magari ya msitu na nyingine zimeota, ipi iko wazi na wapi ndovu wamekaa wiki hiyo ni yeye anajua. Ramani ya simu itakuonyesha mistari mizuri tu na netiweki ikikata mistari hiyo haitakusaidia.

Swali la maana ni unaelekea wapi. Vijana wengi husema tuanzie Gede kwa sababu ndo karibu, tutokee Jilore. Geuza! Anzia Jilore utokee Gede, na sababu zangu hizi. Asubuhi ukiwa na nguvu na jua bado changa ndipo upite ile nyekundu iliyobanana, saa nne ishakuwa tanuri. Kutoka magharibi kwenda baharini ardhi inashuka pole pole, si mteremko wa kuuona kwa macho lakini miguu inajua. Mchanga mweupe utaupata katikati, huo huna pa kuukwepa, lakini ukiumaliza tu unaingia kwenye kivuli cha Gede, saa ambayo ungekuwa umechoka kabisa. Na mwisho wa yote ni lami. Ukitokea Gede saa kumi na mbili jioni umechafuka, unachechemea, unainua mkono tu na matatu inasimama. Ukitokea Jilore saa hiyo utampigia simu mtu mwenye probox na atakutajia bei anayoitaka, na utalipa.

Hasara ya kwenda huku ni jua la asubuhi linakupiga usoni, chukua kofia yenye ukingo. Basi, hiyo tu.

Kulala je? Kuna wanaotaka kuigawa siku mbili na kupiga hema. Ruhusa inatafutwa mapema ofisini na hamlali wenyewe, mnalala na mwongozaji. Mimi ushauri wangu kwa kundi la kwanza, pigeni hema upande wa Gede karibu na ofisi, muwe na kambi moja, siku ya kwanza mtembee kivulini mjipime, siku ya pili alfajiri gari iwapeleke Jilore mrudi kwa miguu kwenye hema lenu. Mnabeba maji ya siku moja tu mgongoni, mengine yanawangoja. Nimewaambia watu watatu hivi, wote walifanya hivyo na hakuna aliyenipigia kunilaumu.

Maji, manake hapa ndo watu hudanganyana

Usinitajie vidimbwi. Vipo, kuna mabwawa ya ndovu na maji ya msimu, lakini hayo ni yao, rangi ya chai ya maziwa na yamejaa nyayo. Kila tone la kunywa unalibeba. Hesabu yangu baada ya kuumia ni hii: asubuhi ya Gede lita mbili kwa kila mtu, mzunguko wa Jilore lita tatu, kuukata msitu lita nne na moja ya akiba kwa kila watu wawili. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo wa lita nne anaanza na kilo nne kabla ya tende na chapati. Ndiyo maana nasema msihesabu kilomita, mtu wa kilo sitini mwenye kilo saba mgongoni kwenye mchanga mweupe anatembea safari tofauti kabisa na ile aliyoisoma kwenye simu.

Chombo nacho. Ile mifuko ya maji yenye mrija nilinunua moja mtandaoni, muuzaji akanihakikishia ni orijino, ikavuja ndani ya begi nguo zote zikalowa na nusu ya maji nikaipoteza bila hata kujua. Siku hizi nabeba chupa nne za plastiki za kawaida, moja ikipasuka tatu zimebaki. Moja natia chumvi kidogo, sukari na ndimu, hiyo nainywa kuanzia saa nne. Chakula usijisumbue na mapishi, tende, njugu, chapati kavu, mayai ya kuchemsha, na mabuyu ya kumung'unya manake yanaleta mate mdomoni pale kiu inapoanza kukusema. Viazi vya karai ni vya kula kabla hujaingia, saa sita vishakuwa na tabia nyingine.

Miezi

Masika, mwezi wa nne mpaka wa sita hivi, acha Jilore kabisa. Gede inapitika siku ambazo hazijanyesha na msitu unakuwa mzuri mno, vipepeo mpaka wanakutua mkononi, ila mbu nao wako kazini. Wa saba mpaka wa tisa ndo wakati wangu, kusi inapoza hewa, ardhi nyekundu imekauka. Vuli ya wa kumi na kumi na moja ni bahati nasibu. Kisha kaskazi, kuanzia wa kumi na mbili mpaka wa tatu, joto tupu, nenda Gede asubuhi na saa nne na nusu uwe ushatoka.

Ila wa saba mpaka wa tisa kuna upupu. Wale wa mashamba mnaujua. Yale maganda yenye manyoya ya rangi ya dhahabu yanayopendeza, ukiyagusa tu, ama upepo ukayapeperusha shingoni, utajikuna mpaka uvue shati mbele ya wakwe. Vaa mikono mirefu, na usijikune wala usijimwagie maji, paka majivu ama udongo mkavu ufute taratibu. Suruali ichomeke ndani ya soksi, najua haina staili lakini kupe hawaangalii staili. Viatu, raba yoyote uliyoizoea miezi miwili inashinda buti jipya la bei. Kwenye mchanga mweupe nimeona watu wanavaa soksi nyingine juu ya kiatu kuzuia mchanga usiingie, nikacheka, nikajaribu, nikanyamaza.

Ndovu

Wapo kweli. Si hadithi ya kutisha watoto. Upande wa Gede karibu na ofisi ni nadra kuwakuta mchana lakini ukiukata msitu unapita kwao. Siku ile ya mwezi wa tisa, baada tu ya kuingia mirihini, mwongozaji alisimama bila kusema, tukagongana mgongoni kama magari ya Likoni. Mbele kulikuwa na mavi, rundo la mipira minne mitano. Akavua kandambili, akaweka wayo wake juu taratibu kama mtu anayepima maji ya kuoga. Akatoa mguu, akachukua mchanga mkavu mkononi akauachia, ukaanguka ukienda kulia. Akavaa kandambili yake, akageuza kundi zima kulia. Tulizunguka karibu saa nzima ya mchanga, wenzangu wawili wananung'unika chini chini kwamba tunapoteza muda. Baadaye tukasikia tawi linavunjika upande ule tuliouacha, mlio mmoja tu, kavu, na hakuna aliyenung'unika tena mpaka Gede.

Kwa hiyo anayekwambia "mimi naujua msitu hakuna haja ya mwongozaji" muache aende, na wewe usiende naye. Hapo sina ulinganisho.

Na kama msitu si wako

Kuna wanaoniuliza kuhusu kutembea ufukweni Malindi mpaka Watamu badala ya msitu. Ni safari nzuri, ndefu, na mwongozaji si lazima, ila bosi wako ni maji. Siku za bamvua, mwezi mpevu ama mwezi mwandamo, bahari yetu inapanda na kushuka zaidi ya mita tatu, na maji yanakupwa vizuri kama saa nne, saa tano asubuhi. Ule mchanga uliolowa ni mgumu, unatembea kama sakafuni. Ondoka Malindi saa mbili, ufuate maji yanavyotoka, pumzika Mayungu kwa wavuvi upate samaki wa kukaanga na dafu, yale mafungu ya mchanga mbele yake Waitaliano wanayaita Sardegna Due. Ukichelewa maji yakajaa utasukumwa juu kwenye mchanga mkavu na mawe, na huko ni mirihi tena bila mirihi. Siku za maji mafu, bahari isipokupwa sana, sikushauri, ufuko hauachi nafasi. Kivuli hakuna hata kidogo, ila uzuri ni kwamba ukichoka unapanda juu barabarani unaita tuktuk. Msituni hakuna tuktuk.

Shimba Hills wanaitaja pia. Pazuri, kuna pala hala, wale swala wakubwa weusi wenye pembe ndefu, ambao Kenya nzima wako kule tu, na maporomoko ya Sheldrick ya kuogea miguu baada ya kutembea. Lakini ukitokea Malindi una Mombasa ya kuvuka, una Likoni na feri yake, una Kwale ya kupanda. Nenda ukiwa na siku tatu.

Sasa kama bado unaniuliza wewe uchague ipi. Una watoto, ama hujatembea zaidi ya masaa mawili mwaka huu, nenda Gede asubuhi umalizie magofuni. Unapenda ndege na unavumilia joto, nenda Jilore miezi mikavu, lipa probox ikungoje. Mmekuwa watu wanne mpaka sita, mmeshatembea pamoja, hakuna wa kunung'unika, pangeni kuukata kutoka Jilore mwezi wa nane ama wa tisa. Zaidi ya sita mnakuwa soko, hamtaona hata sange.

Mimi Jumamosi hii naingia na ami yangu, ana miaka sitini na nne, kastaafu juzi na ghafla anataka kuona kila kitu ambacho kilikuwa mlangoni kwake maisha yote. Nimemchagulia Gede, saa kumi na mbili na robo tuwe ofisini, saa nne tumetoka. Lita mbili zake nitabeba mimi. Tumekubaliana kila kitu isipokuwa viatu, yeye amesema anakuja na makubadhi yake ya Lamu, amezunguka nayo mpaka Makka na hayajawahi kumuangusha. Raba za shemeji nimeziweka kwenye begi, soli nimeshona upya.